Nuru Majini: Historia ya Kupima Uangavu wa Ziwa Tanganyika katika Pwani ya Uvira

Utangulizi

Msafiri anayeteremka kutoka Bijombo kwenda Uvira, akiisha kuyapita malisho ya nyanda za juu na kufika kwenye matuta ya mwisho ya milima ya Mitumba, huliona Ziwa Tanganyika akiwa juu yake kabisa, kama mtu anayetazama sahani iliyowekwa chini. Wakati wa kiangazi sahani hiyo ni ya buluu moja hadi upande wa pili. Siku inayofuata mvua kubwa picha hubadilika: kwenye midomo ya mito kama Mulongwe na Kalimabenge huonekana ndimi za rangi ya udongo zikilamba maji ya buluu, na upande wa kaskazini, pale Ruzizi inapoingia, mpaka kati ya maji ya mto na maji ya ziwa huweza kufuatwa kwa jicho tupu. Mwandishi wa makala haya alizaliwa huko juu, na aliiona picha hiyo tangu utotoni bila kujua kwamba chini yake, katika mji wa Uvira, walikuwapo watu ambao kazi yao ilikuwa kuigeuza tofauti hiyo ya rangi kuwa tarakimu.

Makala haya yanajaribu kueleza historia ya kazi hiyo: jinsi nuru ilivyotumiwa kuchunguza maji ya Tanganyika na viumbe hai waliomo, tangu kamba na duara jeupe hadi chombo kinachozunguka dunia. Huenda msomaji akashangaa kwa nini jambo hili linaandikwa na mwanaisimu katika jarida la Kiswahili. Sababu ni mbili. Kwanza, historia hii imeandikwa karibu yote kwa Kifaransa na Kiingereza, ilhali wenye ziwa, kuanzia Uvira na Bujumbura hadi Kigoma, Kalemie na Mpulungu, huelewana kwa Kiswahili. Pili, katikati ya historia hii umo ubishi mkubwa ambao, kwa maoni yetu, nusu yake ni ubishi wa maneno. Tunaposema kwamba maji ya ziwa ni maangavu, je, tumelisifu ziwa au tumetangaza njaa?

Wavuvi na giza la mwezi

Ni desturi ya waandishi wa historia ya sayansi kuanzia na mgeni aliyefika na chombo chake. Hapa tungependa kuanzia na taa. Wavuvi wa ndagala katika Tanganyika walikuwa wakivua usiku kwa moto wa kuni uliowashwa juu ya mtumbwi, wakiwachota samaki kwa wavu wa mpini mrefu uitwao lusenga. Katika miaka ya 1950 taa za karabai pamoja na nyavu kubwa zaidi zilienea katika sehemu ya kaskazini ya ziwa, na katika miaka ya karibuni taa za umeme wa betri zimechukua nafasi yake. Chombo kimebadilika mara mbili, lakini kanuni ni ileile: nuru huvuta viumbe wadogo wanaoelea, nao huvuta ndagala, na ndagala huvuta mgebuka.

Kanuni hiyo ina sharti lake. Mwezi ukiwa mpevu, taa haina nguvu, kwa kuwa maji yote yamekwisha kuangazwa na samaki hawana sababu ya kukusanyika mahali pamoja. Kwa hiyo kalenda ya uvuvi ni kalenda ya mwezi, na siku za mbalamwezi ni siku za kushona nyavu. Mvuvi anayejua hayo anajua pia kwamba nuru ya taa hufika mbali zaidi katika maji maangavu kuliko katika maji yenye tope. Huo ni ujuzi wa tabia ya nuru ndani ya maji, uliopatikana kwa majaribio ya usiku mwingi, na haudai cheti. Katika mazungumzo yetu na wavuvi wa Kalundu tulisikia kauli ambayo tutairudia mbele, katika Kiswahili cha Uvira: «Maji ikiangaa sana, ndagala hakuna.»

Duara jeupe

Mnamo mwaka 1865 padri Mjesuiti wa Roma, Angelo Secchi, aliyekuwa mkuu wa kituo cha kutazama nyota cha Collegio Romano, aliingia katika meli ya Papa iitwayo L'Immacolata Concezione ili kupima uangavu wa maji ya bahari ya Mediterania. Njia aliyoitumia ni nyepesi kiasi cha kuchekesha. Duara jeupe lenye uzito hushushwa majini kwa kamba iliyotiwa alama. Mtazamaji huangalia mpaka lisionekane tena, hulivuta kidogo mpaka lionekane, na kuandika kina. Hadi leo chombo hicho huitwa diski ya Secchi, ingawa wengi huitumia ikiwa imegawanywa katika robo nyeusi na nyeupe.

Jambo ambalo watumiaji wengi wa diski hiyo hawalijui ni kwamba padri huyo huyo alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuzipanga nyota katika makundi kwa kuichambua nuru yake. Miaka michache kabla, yaani 1859 na 1860, Wajerumani Gustav Kirchhoff na Robert Bunsen walikuwa wameonyesha kwamba kila elementi ikichomwa hutoa mistari yake ya rangi, na kwa mistari hiyo hutambulikana popote ilipo. Secchi aliichukua elimu hiyo akaielekeza mbinguni, na kwa mkono mwingine akashusha duara lake baharini. Kwa hiyo njia mbili ambazo zitakutana baadaye huko Tanganyika, ile ya kuuliza nuru inafika wapi na ile ya kuuliza ni rangi gani iliyopotea njiani, zilikuwa zimekaa pamoja katika mtu mmoja.

Inafaa tueleze kwa ufupi kinachotokea majini. Nuru ya jua ni mchanganyiko wa rangi. Maji yenyewe hufyonza nyekundu upesi, katika mita chache za juu, na buluu ndiyo isafiriyo mbali. Ndiyo maana ziwa lenye kina kirefu na vitu vichache vya kuelea huonekana buluu. Vijimea vinavyoelea, ambavyo wataalamu huviita fitoplanktoni, hufyonza buluu na nyekundu na kuiacha kijani. Udongo hutawanya karibu rangi zote na kuyapa maji sura ya chai ya maziwa. Diski ya Secchi hujumlisha yote hayo katika tarakimu moja. Katika maji ya katikati ya Tanganyika mara nyingi tarakimu hiyo huzidi mita 10, na siku nyingine hukaribia 20. Kina cha nuru ya kutosha mimea kuishi ni kama mara mbili na nusu ya kina hicho. Ikikumbukwa kwamba ziwa lina kina cha mita 1,470, yaani ni la pili duniani baada ya Baikal, itaonekana kwamba sehemu iliyo hai kwa nuru ni utando mwembamba tu juu ya giza. Wala giza hilo si tupu kwa nuru peke yake: kuanzia mita 100 au 200 hivi kwenda chini hakuna hata oksijeni.

Wabelgiji na kituo cha Uvira

Kuona kwa macho na kusikia kwa masikio vimeshindana katika pwani hii tangu zamani. Burton na Speke walipofika Uvira mwezi wa Aprili 1858 waliambiwa na wenyeji kwamba Ruzizi huingia ziwani, haitoki. Hata hivyo Wazungu waliendelea kubishana hadi Livingstone na Stanley walipofika mdomoni mwa mto huo mwaka 1871 na kukuta mambo kama yalivyosemwa. Tunalitaja hili kwa sababu litajirudia.

Vipimo vya kwanza vya joto la ziwa vinavyotumiwa hadi leo kwa kulinganisha vilichukuliwa na Mbelgiji Louis Stappers mnamo 1913. Baadaye ujumbe mkubwa wa Kibelgiji wa mwaka 1946 na 1947, ukiongozwa na E. Leloup, ulilizunguka ziwa lote. A. Capart alipima vina na kuchora ramani ya sakafu ya ziwa, Max Poll akashughulikia samaki, J. Kufferath kemia ya maji, na L. Van Meel vijimea vinavyoelea. Mwaka 1947 ikaundwa taasisi ya utafiti ya Afrika ya Kati, IRSAC, yenye makao makuu Lwiro karibu na Bukavu, chini ya uongozi wa Louis van den Berghe. Moja ya vituo vyake ilikuwa Uvira, na kazi yake ilikuwa ziwa.

Kutoka kipindi hicho tumebaki na andiko moja ambalo kwa historia hii lina uzito kuliko vitabu vinene vya ujumbe: makala ya J. Th. Dubois iliyotolewa mwaka 1958, kuhusu mabadiliko ya joto, oksijeni iliyoyeyuka na uangavu katika ghuba ya kaskazini ya Tanganyika. Ujumbe wa 1946 ulipita na kwenda zake, Dubois alikaa. Alirudi mahali palepale tena na tena, katika majira mbalimbali, na kwa hiyo alionyesha kitu ambacho mpita njia hawezi kukiona, kwamba uangavu una mwendo wake katika mwaka. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini-mashariki husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na huko kusini maji ya chini yenye rutuba hupanda. Upepo ukilegea, ziwa zima huanza kuyumba polepole kama beseni lililobebwa na mtu anayetembea, na rutuba hufika juu hata upande wetu. Vijimea huongezeka, maji hupoteza uangavu, na baada ya muda ndagala hunenepa.

Ni dhahiri kwamba katika mashua ya kituo hakuwamo mtafiti peke yake. Walikuwamo waendesha mashua na wasaidizi wenyeji, walioshika kamba na mara nyingi ndio waliosema «imepotea» au «naiona». Kipimo cha Secchi ni kipimo cha jicho la mtu, lakini makala zilizochapishwa hazitaji macho hayo ni ya nani. Hatulisemi hili kwa uchungu wa kisiasa. Tunalisema kwa sababu ya kitaalamu: anayetaka kulinganisha tarakimu za 1956 na za leo anahitaji kujua kama mtazamaji alikuwa mmoja au walibadilishana.

Kuisoma rangi

Diski ina udhaifu mmoja mkubwa. Haiwezi kutofautisha tope na uhai. Maji ya mdomo wa Mulongwe baada ya gharika na maji ya katikati ya ziwa yaliyojaa vijimea mwezi wa Oktoba yanaweza kuwa na hali tofauti kabisa, lakini kwa duara jeupe yote mawili ni «machafu». Ili kutenganisha tope na uhai ilibidi kuichambua rangi yenyewe.

Mskoti David Brewster aliona mwaka 1834 kwamba dawa ya kijani iliyokamuliwa kutoka majani, ikipigwa na mwale wa jua, hung'aa nyekundu. George Stokes wa Cambridge alieleza mwaka 1852 kwamba kitu kinaweza kumeza nuru ya rangi moja na kuitoa katika rangi nyingine. Juu ya mambo hayo mawili, umezaji na ung'aaji, ndipo zilipojengwa njia zote za kupima klorofili. Mtafiti huchota kiasi maalumu cha maji, huyachuja kwa karatasi ya nyuzi za kioo, huloweka karatasi hiyo katika asetoni gizani, kisha huweka kimiminika cha kijani ndani ya spektrofotometa na kutazama ni kiasi gani cha nuru nyekundu, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 665 hivi, kilichomezwa. Hutoa kipimo cha nanomita 750, ambapo klorofili haimezi kitu, ili kuondoa kosa la tope. Hapo tope na uhai vimetengana.

Njia hiyo ilileta fumbo. R. E. Hecky na E. J. Fee, waliofanya kazi ziwani mwaka 1975 na kuchapisha mwaka 1981, walikuta vijimea vichache mno kwa kulinganisha na wingi wa samaki waliokuwa wakivuliwa. Ziwa maskini kwa jicho la maabara lilikuwa tajiri kwa jicho la mvuvi. Fumbo hilo lilipunguzwa ukali baadaye kwa kutambua jinsi vijimea vidogo sana, visivyoonekana vizuri kwa hadubini ya kawaida, vinavyozaliana na kuliwa upesi. Mwaka 2005 J.-P. Descy na wenzake walitoa matokeo ya kutenganisha rangi mbalimbali za vijimea vya Tanganyika kwa njia ya kromatografia, kila rangi ikitambuliwa kwa namna inavyomeza nuru: fukozanthini ni dalili ya diatomu, zeazanthini ni dalili ya bakteria wa kijani-buluu, klorofili b ni dalili ya vijimea vya kijani. Kwa mwanaisimu njia hii ni ya kuvutia. Mtu hahitaji kumwona msemaji. Humtambua kwa lafudhi.

Vita na vituo

Haingekuwa haki kuieleza historia hii kama kwamba maabara ilikaa mahali pa amani. Mwezi wa Mei 1964 Uvira ilitwaliwa na waasi. Kituo kilirithiwa na taifa na hatimaye kikawa Kituo cha Utafiti wa Hidrobiolojia, CRH. Kuanzia 1992 ulikuwapo mradi wa Utafiti wa Ziwa Tanganyika, ulioendeshwa na FAO kwa fedha za Finlandi, ukishirikisha nchi zote nne. Vipimo vyake vya kawaida vya maji, vikiwemo vya uangavu, vilianza mwaka 1993 katika vituo vitatu: Bujumbura, Kigoma na Mpulungu. Mwaka huohuo Burundi iliingia katika maafa. Na mwezi wa Oktoba 1996 vita vilivyoibadilisha nchi yetu vilianzia hapahapa Uvira.

Pengo katika jedwali la vipimo ni jambo dogo likilinganishwa na makaburi, nasi hatutaki kuonekana tunalinganisha. Lakini pengo lina matokeo yake. Mlolongo wa uangavu hauna thamani kwa sababu ya tarakimu yoyote moja. Thamani yake ni urefu wake. Kamba ikikatika mara tatu katika miaka thelathini, anayekuja baadaye hulazimika kukisia katikati, na makisio ndiyo malisho ya ubishi.

Ubishi wa mwaka 2003

Ubishi huo ulifika. Mwaka 2003 makundi mawili ya watafiti, moja la Piet Verburg, Hecky na George Kling, jingine la Catherine O'Reilly na wenzake, yalitoa makala karibu kwa wakati mmoja. Hoja yao ilikuwa kwamba ziwa limepata joto tangu siku za Stappers. Kwamba maji ya juu yakiwa na joto huwa mepesi na hayachanganyiki kwa urahisi na ya chini. Kwamba kwa hiyo rutuba haipandi, na vijimea vimepungua. Kundi la O'Reilly lilikadiria kwamba uzalishaji wa vijimea umepungua kwa asilimia 20 hivi, na kwamba hilo linaweza kumaanisha upungufu wa samaki wa asilimia 30 hivi.

Watafiti wengine, baadhi yao wakiwa wamefanya kazi katika mradi wa FAO, walipinga. Walisema vipimo vya zamani ni vichache, hubadilika sana kwa majira na mahali, na kwamba kupungua kwa ndagala kunaweza kuelezwa kwa mabadiliko ya uvuvi wenyewe. Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake walitoa matokeo ya mashapo yaliyochimbwa sakafuni mwa ziwa, wakaonyesha kwamba mabaki ya samaki yalianza kupungua kabla uvuvi mkubwa wa kibiashara haujaanza, jambo linalotia nguvu hoja ya joto. Kwa maoni yetu hoja ya joto imesimama vizuri, bila kuufuta uvuvi katika hesabu.

Msomaji atauliza ubishi huu unamhusu nani Uvira. Unamhusu kila anayekamatwa wavu wake. Ikiaminika kwamba kosa ni la mvuvi peke yake, dawa ni marufuku, doria na faini. Ikiaminika kwamba ziwa lenyewe limepungukiwa chakula kwa sababu ya joto ambalo mvuvi wa Kalundu hakulisababisha, basi mvuvi huyo ni mdai, si mshitakiwa. Kati ya hukumu hizo mbili umesimama ushahidi wa nuru: je, maji ya katikati ya ziwa yameongezeka uangavu au hayajaongezeka?

Hapa ndipo neno linapotukwaza. Katika Kiswahili, kama katika lugha nyingi, maji maangavu ni maji mema. Tukimwambia mama anayechota ufukweni kwamba uangavu wa ziwa umeongezeka, atamshukuru Mungu. Mtafiti anayesema hivyo anatoa habari mbaya. Mvuvi aliyetuambia «maji ikiangaa sana, ndagala hakuna» amefupisha makala za 2003 katika maneno matano, naye hakuwa amezisoma. Hatudai kwamba alikuwa na habari za joto la karne nzima. Tunadai tu kwamba uhusiano kati ya uangavu na njaa ulikuwa umekwisha kupatiwa kauli pwani, kama vile mwelekeo wa Ruzizi ulivyokuwa umekwisha kujulikana kabla ya 1871.

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, ilikuwa hatua kubwa, na hatuna nia ya kuibeza. Lakini istilahi peke yake haitoshi. Katika mashule ya Kongo Kiswahili huachwa baada ya madarasa ya mwanzo na Kifaransa hushika nafasi. Mwanafunzi wa Uvira hujifunza neno la Kifaransa la uangavu bila kuambiwa kwamba maana yake ziwani ni kinyume cha maana yake mtungini. Hata jina la samaki halina makubaliano: Uvira ni ndagala, Kigoma ni dagaa, Zambia ni kapenta, na kila jina hukusanya zaidi ya spishi moja.

Jicho la juu

Mwezi wa Mei 2002 Wamarekani walirusha setilaiti iitwayo Aqua, yenye chombo MODIS kinachopima rangi ya nuru inayorudi kutoka duniani. Mwaka 2010 N. Bergamino na wenzake walitumia picha zake kufuatilia klorofili na uangavu katika Tanganyika nzima. Ziwa lote, kama kilomita 650 kutoka kaskazini hadi kusini, liliweza kutazamwa mara moja, na yale mawimbi ya rutuba aliyoyaona Dubois katika ghuba moja yakaonekana kwa upana wake.

Wapo wanaodhani kwamba sasa kamba na diski ni vitu vya makumbusho. Si kweli. Nuru inayotoka majini na kufika kwenye setilaiti ni sehemu ndogo tu ya nuru inayopokewa huko. Nyingine yote ni ya anga. Wakati wa kiangazi anga letu hujaa moshi wa mioto ya majani, nao huchafua hesabu katika miezi ileile ambayo ziwa lina mambo mengi ya kusema. Karibu na pwani tope hudanganya kanuni zilizotungwa kwa bahari kuu. Ili kujua setilaiti inasema kweli kiasi gani, sharti mtu awe majini, na duara lake jeupe.

Na pwani ndiko tunakoishi. Yale tuliyoyasema juu ya uangavu kuongezeka yanahusu maji ya katikati. Ufukweni mambo huenda kinyume. Utafiti wa Cohen na wenzake uliochapishwa mwaka 1993 ulilinganisha sehemu za ziwa zilizo chini ya ardhi iliyoharibiwa sana na zile zilizo chini ya ardhi nzima zaidi, ukakuta kwamba aina za viumbe hupungua pale tope linapozidi. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mito ya Uvira ilifurika, Mulongwe ikiwa mbaya kuliko yote. Watu wengi walikufa, na udongo wa milimani ukaingia mjini kabla ya kuingia ziwani. Kwa hiyo ziwa moja linapata maradhi mawili yanayopingana, katikati linaangaa kupita kiasi na kandoni linazibwa.

Kwa mtu wa Bijombo jambo hili si rahisi kulisema. Udongo huo unatoka kwetu, au unapita kwetu. Upo usemi wa mjini kwamba watu wa juu, wakulima na wafugaji, ndio wanaolipaka ziwa tope. Na katika nchi ambayo watu wa jamii zote za nyanda za juu wametawanywa na mapigano, hasa tangu 2018, lawama ya namna hiyo haibaki kuwa ya mazingira tu. Ni kweli kwamba mlima ulionyolewa miti humwaga udongo. Ni kweli pia kwamba miteremko iliyo juu kabisa ya Uvira hulimwa na kukatwa kuni na watu wa mjini wenyewe, na kwamba hakuna tarakimu inayomwezesha yeyote kusema sehemu gani ya tope ni ya nani. Tarakimu hiyo ingeweza kupatikana. Udongo wa kila bonde una madini yake, na madini yana rangi zake chini ya nuru iliyochambuliwa. Njia ipo, kinachokosekana ni mtu wa kuchota ndoo moja kila wiki katika kila mto, kwa miaka, bila kukatizwa.

Hayo tuliyajaribu kidogo, kwa namna ya darasa tu. Pamoja na wanafunzi wachache tulipaka rangi nyeupe kifuniko cha sufuria, tukakifunga jiwe na kamba yenye fundo kila mita, tukamwomba mvuvi wa Kalundu atuchukue. Tuliwaagiza wanafunzi waandike kila kitu kwa Kiswahili, na mabishano yalianza kabla ya kipimo cha kwanza: je, waandike kifuniko «kimepotea», «kimezama» au «kimefichika»? Mbele ya mdomo wa mto hatukuhitaji fundo hata moja, kwani kifuniko kilipotea kabla maji hayajafika kiwiko cha aliyekishika. Tulipokwenda mbali hadi maji yakawa buluu, kamba yetu iliisha na kifuniko kilikuwa bado kinaonekana, kikicheza chini kama sarafu. Wanafunzi walifurahi. Mvuvi alitazama chini kwa muda, kisha akageuza mtumbwi, akasema kwamba mahali hapa yeye hapotezi mafuta yake.